Mtera: Chunga mgeni asiyebisha hodi asidandie mtumbwi wako!

Wiki hii tunaacha vijiwe vya mjini, tunafunga mkanda na kukata mbuga kwenda kula samaki. Samaki wabichi, aliyevuliwa alfajiri na kukaangwa mchana. Wapi? Dodoma!

Najua wale wa Dar mmeshaanza kucheka. Mnasema Dodoma na samaki wapi na wapi, mji wa vumbi, upepo na zabibu? Chekeni tu, lakini mkumbuke kwamba hata jina la mji huu limetoka majini. Wagogo wana simulizi yao kwamba tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope, akawa anadidimia hivi hivi watu wanaona. Wakasema "Idodomya", yaani pamezama. Wageni ulimi ukawa mzito, ikageuka Dodoma. Kwa hiyo mji unaosifika kwa ukame umepewa jina na mnyama aliyezama. Hapo mna la kusema?

Basi tunakwenda Mtera, kwenye bwawa kubwa lililoko mpakani mwa Dodoma na Iringa. Tutakula, tutapunga upepo, tutatazama mitumbwi. Lakini kuna jambo moja nataka tulizungumze huko huko ufukweni, tena kwa makini, maana linahusu hiyo mitumbwi na linahusu taa ya sebuleni kwako. Twende polepole, tutafika.

SAFARI YENYEWE

Kwa anayetoka Dar, siku hizi hakuna kisingizio. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa inakula siku nzima ya basi sasa inakwisha kabla hujamaliza kusinzia vizuri. Lala Dodoma. Asubuhi wahi stendi kuu ya Nanenane, tafuta basi la Iringa, waambie unashuka Mtera.

Barabara hii ina historia yake. Ni kipande cha ile njia ndefu ambayo Waingereza waliiota kutoka Cape Town mpaka Cairo. Zamani ilikuwa kasheshe. Kiangazi unafika umekuwa mwekundu kama tofali la kuchoma, masika basi linalala porini na abiria mnageuka ndugu kwa lazima. Lami ilipokamilika na kuzinduliwa rasmi Aprili 2018, zile kilometa 260 za Dodoma na Iringa zikawa mteremko.

Unapita Mpunguzi, Mlowa, Manzase, Fufu, Chipogolo. Kila hatua mibuyu inazidi kuwa mingi na kuwa minene, mingine inaonekana kama imepandwa kichwa chini miguu juu. Ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, utadhani wao ndio waliolipia lami. Basi likisimama, wasalimie wenyeji kwa lugha yao: "Mbukwenyi!" Utaona tabasamu linavyofunguka. Ukisema "Mambo" na miwani yako ya jua, utajibiwa tu, lakini hutapewa kiti.

Utahisi joto linapanda. Si homa hiyo. Dodoma mjini uko kwenye mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, Mtera iko kwenye mita 700 hivi. Unashuka ghorofa zaidi ya mia moja bila lifti! Kisha, kama kilometa 130 tangu utoke mjini, vichaka vinafunguka ghafla na unaona kitu ambacho macho yanakataa: maji. Mengi. Yanakwenda mpaka yanagusana na mbingu, na katikati yake vigogo vya miti iliyozama tangu bwawa lijazwe, ndege wamekaa juu yake wametulia kama wazee wa baraza.

Bwawa hili lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kwenye makutano ya Ruaha Mkuu na Kisigo. Likijaa sawasawa linafunika kilometa za mraba zipatazo 660, na urefu wake ni kama kilometa 56. Barabara inapita juu ya tuta lenyewe. Lakini wapiga picha mtulie: pale ni kwenye mtambo wa umeme, simu iweke mfukoni mpaka upite. Picha utapiga ufukweni ukishiba.

KULA KWANZA

Kwa mama lishe wa Mtera hakuna kitabu cha orodha ya vyakula. Unaonyeshwa samaki, unachagua. Perege ndiye bingwa wa kukaanga: mkavu nje, laini ndani, anakuja na ugali, kachumbari na pilipili ya kukutoa machozi ya furaha. Kambale ni wa wale wanaopenda mchuzi mzito. Ukitaka kula kienyeji kabisa, omba ugali wa uwele au mtama na mlenda pembeni. Vijana wa mjini mnaoogopa mlenda kwa sababu unavutika, poleni sana, mnapitwa.

Ukishashiba, teremka taratibu ufukweni. Usiogelee. Bwawa lina mamba na viboko, nao hawana habari na wikiendi yako. Kama unataka kupanda mtumbwi, hakikisha unapewa jaketi la kujiokolea, na lisipokuwepo, basi tamaa ibaki nchi kavu.

Pale ufukweni utamkuta mzee anatengeneza nyavu chini ya mti. Usianze na "Oya". Sema, "Shikamoo babu." Akishaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kaa chini, mpe muda, halafu muulize swali moja tu: "Babu, mtumbwi huu ulikuwa maji gani kabla haujaja hapa?"

Hilo ndilo swali la safari yetu ya leo.

MAJI HAYA NI UMEME WAKO

Watu wengi wanadhani Mtera ni bwawa la samaki lenye umeme kidogo. Ni kinyume chake. Mtera ni ghala. Kazi yake kubwa ni kutunza maji ya masika ili mtambo wa Kidatu, ulioko chini yake, ule mpaka kiangazi. Kidatu kina uwezo wa megawati 204. Mtera nayo ina mashine zake za megawati 80 zilizoanza kazi mwaka 1988. Waliokuwepo wanaikumbuka miaka ambayo jina la Mtera lilitajwa kwenye taarifa ya habari kila siku: kina kimeshuka, mgawo wa umeme umeanza, saluni zimefungwa, bia za moto. Mwaka 2006 hali ilikuwa hivyo.

Sasa fuata maji. Yakitoka Mtera yanakwenda Kidatu. Yakitoka Kidatu, Ruaha Mkuu unaendelea mpaka unaingia Rufiji. Na Rufiji ndiko liliko Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mashine 9 na uwezo wa megawati 2,115. Kwa maneno mengine, kitu chochote chenye uhai kitakachoshushwa Mtera na kikaipenda Mtera, kina barabara ya lami ya maji mpaka kwenye mitambo mikubwa kuliko yote nchini. Hakihitaji nauli wala kukata tiketi.

MGENI ASIYEBISHA HODI

Kitu gani hicho? Hapa inabidi tutoke Tanzania kidogo, maana wenzetu wameshalia.

Kuna kome wa maji baridi. Kome, yule mdudu wa magamba mawili anayejibana kama kisanduku. Mmoja ana mistari ya pundamilia, asili yake ni maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Kwa kawaida ukubwa wake ni kama ukucha wa dole gumba, basi. Mwaka 1988 akaonekana Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada. Alipandaje? Ndani ya maji ambayo meli hubeba matumboni ili zisiyumbe. Meli ilimwaga maji, naye akashuka kama abiria.

Jike moja huweza kutaga mayai mpaka milioni kwa mwaka. Watoto wake hawaonekani kwa macho, wanaelea tu majini. Wakikua wanatafuta kitu kigumu na kugandamana: jiwe, injini, bomba. Mmoja juu ya mwenzake, mwenzake juu ya mwingine, mpaka bomba la maji linaziba kama mshipa wa mtu wa kitimoto cha kila siku. Kampuni za maji na umeme zikaanza kulipa mamilioni ya dola kukwangua kome!

Binamu yake, anayeitwa quagga, akagunduliwa Januari 2007 kwenye Ziwa Mead, bwawa la Hoover, maelfu ya kilometa kutoka kwa ndugu zake. Wataalamu wanaamini alisafiri na boti iliyovutwa kwa gari. Yaani mtu alikwenda kustarehe ziwa moja, akapakia boti ikiwa mbichi, akaendesha mpaka ziwa jingine, akashusha. Starehe ya siku mbili, hasara ya maisha. Kome mwingine, wa rangi ya dhahabu, alitoka Asia akaingia Amerika ya Kusini, akaonekana Argentina mwaka 1991, na mwaka 2001 akawa ameshafika Itaipu, moja ya mitambo mikubwa ya umeme wa maji duniani. Oktoba 2024 huyo huyo akaonekana California.

Ndiyo maana wenzetu wana sheria kali za boti. Mwaka 2025 kwenye baadhi ya mabwawa ya California, kama Folsom, boti ilikaguliwa, ikafungwa sili, ikakaa siku 30 nchi kavu kabla ya kuruhusiwa kugusa maji. Unaweza kuwa na fedha kama njugu, boti ya kuteleza kama samaki, lakini siku 30 unaitazama tu iko gereji. Noma!

Kwetu kome hao hawajaja. Lakini msishangilie. Sisi mgeni asiyebisha hodi tunamjua vizuri sana, ila kwetu alivaa nguo nyingine.

SISI TUMESHAONJA

Muulize mtu yeyote wa Mwanza habari za gugu maji. Lina ua zuri la zambarau, hata bibi harusi angelishika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kwenye bustani zao. Lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 ilipofika kati, ghuba nzima zilikuwa kijani. Mitumbwi haitoki, meli hazitii nanga, na kule Jinja mtambo wa umeme wa Owen Falls ukawa unasumbuliwa na majani. Dawa iliyosaidia ilikuwa wadudu wadogo, fukusi wa gugu hilo, waliofugwa na kuachiwa ziwani katika nusu ya pili ya miaka hiyo. Lilipungua, lakini halikuhama.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 likaja jingine, la jamii ya salvinia. Hili ni dogo, linaelea, majani yake yana vinyweleo, na likipata maji ya kulifurahisha linajizidisha maradufu ndani ya siku chache. Lilitanda eneo la Kigongo na Busisi, vivuko vikahangaika, abiria wakachelewa safari ambayo wamezoea kuimaliza kwa dakika. Daraja lilifunguliwa Juni mwaka huo huo, watu wakavuka kwa juu. Wavuvi hawana daraja la kuvulia.

Jamaa huyu wa salvinia ana rekodi. Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilifungwa Desemba 1958. Mwaka uliofuata gugu lilikuwa limeshaonekana, na ilipofika 1962 lilikuwa limefunika kama kilometa za mraba 1,000. Linganisha na Mtera iliyojaa: 660. Umeelewa hesabu? Mtera yote ingefunikwa na zulia likabaki.

Na samaki je? Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, watu wakapata minofu na viwanda, lakini aina nyingi sana za furu, wale samaki wadogo wa asili, zikapotea. Sato naye, mtamu kweli kweli simkatai mezani, amepandikizwa huku na huku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba perege wa kuletwa wameshatapakaa kwenye mabonde mengi ya maji ya Tanzania, na wakikutana na perege wa asili wanawanyang'anya chakula au wanaoana nao mpaka ukoo wa asili unapotea. Hapa Kanda ya Kati na majirani zake tuna perege wetu wa maji ya chumvi, anayeishi maziwa kama Kitangiri, Singida, Eyasi na Manyara. Dunia nzima asili yake ni maziwa ya nchi hii tu. Huyo akimalizwa na mgeni, hakuna duka la kununua mwingine.

KILA BWAWA NA MLANGO WAKE

Sasa sikilizeni uzuri wa Nyanda za Kati, ambao wengi hawauoni.

Huku maji ni visiwa. Hombolo, bwawa la mwaka 1957, liko peke yake. Swaswa liko peke yake. Ikowa, Dabalo, kila moja na mahali pake. Ziwa Sulunga kule Bahi linajaa mvua zikipenda na kukauka zisipopenda. Kati ya bwawa na bwawa kuna kilometa na kilometa za miiba, mchanga na jua. Samaki hawezi kuvuka. Gugu haliwezi kuvuka. Konokono akijaribu, anakaushwa kama kahawa juani. Ndege wanaweza kubeba kidogo miguuni, hilo haliepukiki.

Ni nani basi anayeweza kuvuka na mzigo mkubwa? Ni binadamu, na mtumbwi wake, na nyavu zake, na ndoo yake.

Wavuvi ni watu wa kufuata maji. Mtera ikishuka, vijana wanafunga virago. Wakisikia Sulunga imejaa, mtumbwi unapandishwa juu ya Fuso, nyavu zikiwa mbichi zinatupwa ndani, juu yake turubai. Turubai! Yaani umemfunika mgeni blanketi. Kwenye tope lililoshika chini ya mtumbwi, kwenye yale maji yanayobaki tumboni ambayo mabaharia wa pwani huyaita ngama, kwenye matundu ya nyavu yenye majani, mnaweza kuwa mbegu, vipande vya gugu, mayai ya samaki, na hata konokono wa kichocho. Kijipande cha salvinia kinatosha kuanzisha ukoo mzima.

Kwa hiyo kila bwawa la kanda hii lina mlango mmoja unaofungika, nao ni ule mtumbwi unaoingia. Ziwa Victoria lina nchi tatu na fukwe elfu, nani atazilinda zote? Sisi tunaweza. Ndiyo bahati yetu, na bahati ikichezewa huwa hairudi mara mbili.

OSHA, MWAGA, ANIKA

Wenzetu wa ng'ambo, pamoja na mitambo yao yote, kanuni yao ya msingi ina maneno matatu tu. Kwa lugha yetu ni haya: osha, mwaga, anika.

Osha. Ukitoa mtumbwi majini, toa majani yote, tope lote, kila kitu kinachoning'inia. Sugua chini na pembeni. Kung'uta nyavu, toa matakataka kwenye vifundo. Fanya hivyo pale pale ulipotoka, ili takataka zibaki kwao.

Mwaga. Maji ya tumboni mwa mtumbwi, ya kwenye injini, ya kwenye ndoo ya chambo, yote yamwage nchi kavu, mbali na ufukwe. Samaki hai usiwahamishe. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinataka chombo kiwe na usajili na leseni, na kupandikiza samaki kwenye maji mengine kunahitaji kibali. Ndoo ya vifaranga vya sato kwenye buti la gari lako si ufugaji wa kisasa, ni kesi.

Anika. Hapa ndipo Dodoma inapowashinda wote! Ushauri wa kawaida Marekani ni kukausha chombo siku tano au zaidi, na sehemu zenye baridi na unyevu wanahitaji muda mrefu kuliko huo, kwa sababu kome aliyejibana anaweza kuishi nje ya maji siku kadhaa, na kwenye ubaridi hata wiki. Wengine wanatumia maji ya moto ya nyuzi 60, mashine, umeme, gharama. Sisi tuna nini? Tuna jua. Kuanzia Mei mpaka Novemba mbingu ya Dodoma haina hata kipande cha wingu cha kujifutia jasho. Pindua mtumbwi kifudifudi, tandaza nyavu kwenye uzio, liache jua lifanye kazi. Lile lile jua tunalolilaani kila siku, linalochoma mahindi na kupasua midomo, ndilo askari wetu wa bure wa kulinda mabwawa. Hali rushwa, haendi likizo.

Najua mvuvi atauliza: siku tano bila kuvua, watoto wale nini? Ni swali halali, si la kubezwa na mtu aliyeshiba perege. Lakini tazama vizuri. Kanuni hii haimgusi anayevua bwawa moja kila siku. Huyo aendelee na kazi yake. Inamgusa anayehama. Na anayehama, siku mbili tatu zinakwenda tu: kutafuta gari, kusafiri, kutafuta pa kulala, kufuata leseni ya mahali papya. Siku hizo mtumbwi uwe unakauka, usiwe umefunikwa turubai. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, hivi vya BMU, viko kwenye fukwe nyingi. Mgeni akifika, kikundi kimwonyeshe pa kuanika, zile siku zilizobaki atengeneze nyavu zake, ambazo angezitengeneza hata hivyo. Gharama yake ni uvumilivu na fundo la kamba.

NA WEWE WA WIKIENDI

Usidhani haya ni ya wavuvi tu. Wewe uliyekuja na wenzako watano, gari la kukodi na muziki juu, una yako.

Kwanza, maua. Ukiona ua la zambarau linaelea mahali popote, usilichukue kwenda kupamba bwawa la nyumbani wala bustani ya hoteli ya mjomba. Gugu maji lilizunguka dunia kwa njia hiyo hiyo, mkononi mwa watu waliopenda vitu vizuri.

Pili, samaki wa pambo. Ukichoka na wale wa kwenye tangi la kioo, usiwaonee huruma ukawaachia korongoni. Huruma hiyo ni ya samaki watatu na adhabu ni ya bwawa zima.

Tatu, viatu na ndoano. Ukitoka Mtera leo na kesho unakwenda kupunga upepo Hombolo, kausha viatu, sugua tope, anika mishipi. Na usikanyage maji ya kandokando ovyo. Kichocho hakiulizi kama umesoma UDOM au wapi.

Nne, ukiona jani au mdudu usiyemjua amegandamana kwenye mtumbwi au ukingoni, piga picha (mbali na mtambo!), mwonyeshe afisa uvuvi wa wilaya. Gugu la ukubwa wa meza linang'olewa kwa mikono asubuhi moja. Likiwa la ukubwa wa uwanja wa mpira, zinahitajika mashine, bajeti na vikao, na vikao mnavijua.

Jioni ikifika Mtera, upepo unatulia, jua linazama nyuma ya vile vigogo na maji yote yanakuwa rangi ya chungwa. Mitumbwi inarudi mmoja mmoja, kasia zinasikika kabla hujaona mtu. Ni mahali bomba kuliko unavyoambiwa, na bei ya kupaingia ni nauli ya basi tu. Basi la mwisho la kurudi Dodoma usilisubiri kwa matumaini. Uliza mapema, au lala huko huko.

Nendeni, kuleni, mfurahi. Mkiulizwa na wenzenu kijiweni Mtera kuna nini, waambieni kuna perege, kuna umeme wa nchi, na kuna mlango ambao unafungwa kwa jua. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutapandisha Kondoa tukatazame michoro ya mapangoni. Huko hakuna mtumbwi, leteni viatu vya kupandia mawe. Kwaherini!